Betri ya zinki yenye jeli ya chainagrasi: mwongozo kamili wa kuitengeneza ikubali jua la Lamu na barafu ya sanduku la samaki

Ami yangu ni mvuvi hapa Lamu na kwenye boti yake ana sanduku la barafu, ndani ya lile sanduku aliweka kitaa kidogo cha kumulikia samaki, asije akaacha kifuniko wazi muda mrefu barafu ikayeyuka. Sasa kile kitaa kilikuwa kinamsumbua kweli. Mchana boti imefungwa gatini, sanduku tupu linaoka juani, betri inavimba, usiku likijazwa barafu betri ileile inazimia kabla hata nyavu hazijateremshwa. Akaniuliza, "Mwanangu wewe unashinda na mawaya, hakuna betri ya kukubali kote kuwili?" Nikamwambia nipe muda ami. Imenichukua msimu mzima wa kaskazi na nusu ya kusi, nimeharibu jeli nyingi, na leo naandika yote hapa ili wewe usianze kwenye sifuri kama mimi.

Jambo moja nataka ulishike kabla hatujagusa sufuria. Usitafute jeli moja nzuri ya kila kitu. Jiulize kwanza betri yako italala wapi na itaamkia wapi, alafu upike jeli ya mahali hapo. Mimi mwanzo nilikuwa nafuata resipe za watu wa nchi za theluji, wao shida yao kubwa ni maji kuganda, mimi huku Lamu adui yangu wa kwanza ni maji kukauka. Tofauti hiyo peke yake inageuza vipimo vyote.

Kwanza tuelewane ni betri gani. Upande mmoja una bati la zinki, upande wa pili unga mweusi wa manganizi dayoksaidi, katikati maji yenye chumvi ya zinki. Ukitumia umeme zinki inayeyuka taratibu inaingia kwenye maji, ukichaji inarudi kwenye bati. Gramu 1 ya zinki kwa hesabu za kitabuni inabeba miliampea-saa 820, ni nyingi sana, na haina yale mafuta yanayoshika moto ya betri za lithiamu. Wazo lenyewe la zamani, Mfaransa mmoja Georges Leclanché alilitoa mwaka 1866 na miaka ya 1880 Mjerumani Carl Gassner akalifanya liwe betri kavu, na zile betri za tochi za wazee wetu ndani zilikuwa na uji kabisa, wanga na unga umekorogwa na chumvi. Kwahiyo mtu akikwambia jeli kwenye betri ni mambo mapya mwambie babu yake alikuwa anatembea na uji mfukoni. Kilicho kipya ni kuichaji tena na tena, na hiyo ilianza kushika kasi baada ya 2012 pale watafiti wa China walipoonyesha zinki na manganizi vinaweza kwenda na kurudi ndani ya maji ya salfeti ya zinki ambayo si asidi kali wala si magadi makali.

Sasa kwanini jeli na si maji tu? Kila chembe ya zinki ikiwa ndani ya maji inazungukwa na molekuli 6 za maji, inatembea nazo kama bibi harusi na wapambe wake. Ikifika kwenye bati la zinki wale wapambe wanabaki hapo, na wengine wanavunjika wanatoa gesi ya haidrojeni. Hiyo ndio inavimbisha betri na kuila zinki bure. Jeli ni wavu wa nyuzi ndefu zinazopenda maji, inayashika, hayawi huru sana kufanya fujo. Pia zinki ikirudi kwenye bati haipendi kujipanga sawasawa, inaota miiba, na mwiba ukitoboa mpaka ng'ambo betri inakufa palepale. Jeli ngumu kiasi inaubana ule mwiba na inazigawanya chembe zifike kila mahali. Na tena haimwagiki kwenye boti inayoyumba.

Kwenye joto mambo ya kemia yanakimbia, kwa kukadiria kila nyuzi 10 zikipanda kasi inakaribia kuwa mara mbili, na hiyo ni pamoja na zile kazi tusizozitaka kama kutoa gesi. Kwenye baridi chembe zinakuwa nzito kutembea, na maji yakiganda yanatanuka karibu asilimia 9, jeli inapasuka ndani kwa ndani. Haya, tuingie jikoni.

Vitu vya kutafuta

Chainagrasi, ile ya faluda ya Ramadhani, ya unga ni bora kuliko ya nyuzi kwasababu inapimika. Watu huanza na jelatini kwasababu iko kila duka, mimi pia nilianza nayo, na saa sita mchana nikaikuta imekuwa maji kwenye sahani. Jelatini inayeyuka kati ya nyuzi 30 na 35, hiyo ni hewa ya kawaida ya hapa kwetu! Chainagrasi ikishashika hailegei mpaka ikaribie nyuzi 85, hata juu ya bati la nyumba inasimama.

Gliserini, ya duka la dawa. Usitumie ile kulenti ya rejeta ya gari hata kama inazuia kuganda vizuri, ile ni sumu na sisi hapa tunazungumzia sanduku la samaki ambao watu watakula.

Salfeti ya zinki, agroveti wanauza kama mbolea. Hapa simama usome pakiti. Ikiandikwa zinki asilimia 21 au 22 ile ina maji mengi ndani ya fuwele zake, ikiandikwa 33 mpaka 36 ile ni kavu zaidi na vipimo vyake vinapungua. Ntakupa vyote viwili. Mimi nilikaa wiki mbili nakosea kwasababu ya hili tu, nilibadilisha pakiti sikubadilisha kipimo, chumvi ikawa inajitenga kwenye jeli kama sukari guru. Ukiyeyusha ukaona maji yana rangi ya kutu basi kuna chuma ndani, usiitumie, chuma kinaharibu bati la zinki haraka sana.

Salfeti ya manganizi, nayo ya mbolea, kidogo tu. Kazi yake ni kuzuia manganizi ya upande mweusi isiyeyukie kwenye maji, maana ikikuta tayari maji yana manganizi inatulia.

Maji. Usitumie ya kisima, ya mtungi wala ya bomba, yana chumvichumvi na ile kloridi inakula mpaka stili. Nunua yale maji safi ya kuongezea betri ya gari, na umwambie muuzaji wazi kwamba hutaki asidi, maana wengine jina ni lilelile moja.

Zinki na unga mweusi vyote vinatoka kwenye betri za tochi kubwa za bei rahisi, zile za kaboni na zinki. Nunua mpya, zilizokwisha unga wake umechoka. Usifungue alkalaini, ndani mna magadi makali ya kuunguza macho, na ya lithiamu usiiguse kabisa kabisa. Kuna anayefikiria kutumia kipande cha mabati ya nyumba. Haifai kaka, ile ni chuma kimepakwa zinki nyembamba, ikiisha chuma kinatokeza na betri imekwisha. Zile zinki za kufunga kwenye injini za boti zinaweza kusaidia lakini siku hizi nyingine ni aluminiamu, na hata ya zinki ina vitu vingine ndani, usiipige tupa ukavuta vumbi lake.

Cha mwisho karatasi ya grafaiti, mafundi wa gasketi wanayo, chagua isiyo na bati ndani. Hiyo ndio itashika unga mweusi. Pia kioo viwili vidogo, mizani ya kupima hata robo ya gramu (mimi huazima ya sonara, hapa Lamu hawakosekani), mita ya fundi, tembomita (kipimajoto), na kadi nne za plastiki kama zile zinazokuja na laini ya simu. Kazi ya kadi utaiona.

Hatua ya 1: unga mweusi na bati

Vaa glavu na barakoa, ule weusi ukiingia kwenye kucha unakaa wiki. Kata koti la betri kwa msumeno mdogo pembeni, fungua, toa kijiti cha makaa katikati, kwangua unga. Uloweke kwenye maji ya moto kiasi, koroga, acha utulie, mwaga maji ya juu kwenye ndoo ya taka (si mtaroni, ntakuja huko), rudia mara tatu au nne mpaka maji yasiwe na chumvi. Chuja kwa kitambaa, anika. Ule unga tayari una makaa ndani yake ya kupitisha umeme, usiongeze.

Koti la zinki likate, likunjue liwe bapa, lisugue na msasa laini pande zote mpaka ling'ae, lifute na spiriti. Usiliguse tena kwa vidole, mafuta ya mkono yanaacha doa na miiba inapenda kuota kwenye doa. Kata sentimita 5 kwa 5 na uache kimkia cha kufungia waya. Koti moja likiwa halitoshi upana huo fanya dogo zaidi, hesabu zote zifuate eneo.

Unga gramu 1 uchanganye na matone ya chainagrasi nyepesi ya moto, iwe kama rojo ya kupaka ukuta, paka kwenye grafaiti ya sentimita 5 kwa 5, bonyeza kwa kijiko kupitia karatasi ya nailoni, acha ikauke kivulini. Kwa gramu 1 tegemea miliampea-saa 80 hivi, ikitoka zaidi mshukuru Mungu.

Hatua ya 2: kupika jeli

Hapa ndio moyo wa kazi. Nina resipe tatu, zote ni kwa jumla ya gramu 100.

Jeli ya juani, kwa kitu kinachokaa nje au juu ya paa: maji 77, gliserini 20, chainagrasi 3.

Jeli ya ami, ya kwenda juani na kurudi kwenye barafu: maji 67, gliserini 30, chainagrasi 3.

Jeli ya friza: maji 57, gliserini 40, chainagrasi 3.

Gliserini inafanya kazi mbili na ndio maana naipenda. Inashika maji yasikauke, na inazuia yasigande. Maji na gliserini asilimia 30 kwa uzito vinaganda kwenye nyuzi 9 na nusu hivi chini ya sifuri, asilimia 40 karibu 15 chini ya sifuri, na ukifika asilimia 66 au 67 ni karibu 46 chini. Utasema basi tuweke 67 tumalize. Hapana, maana gliserini ni nzito kama asali, ukizidisha chembe za zinki zinatembea kwa kujikokota, betri haigandi ni kweli lakini haina nguvu ya kuwasha kitu. Barafu ya kawaida ya samaki iko kwenye sifuri tu, huhitaji kwenda mbali hivo. Asilimia 30 inamtosha mvuvi.

Usipike chumvi pamoja na chainagrasi. Nalisema kwa herufi nzito ya moyo wangu maana ndilo kosa nililolirudia mara nyingi kuliko yote. Maji ya salfeti ya zinki yana uchachu kidogo, ukiyachemsha na chainagrasi zile nyuzi zinakatika, jeli inatoka teketeke kama uji wa mgonjwa, na salfeti nyingi inaifanya ijitenge mabongemabonge. Jeli ipikwe peke yake, chumvi iingie baadae kwa kulowekwa.

Loweka chainagrasi kwenye maji baridi nusu saa ivimbe. Weka sufuria (ambayo haitarudi tena kupikia chakula, iandike) kwenye moto mdogo, koroga kwa mwiko usiache. Itakuwa ya maziwamaziwa kwanza, alafu ikifika nyuzi 90 na kitu itaanza kuwa angavu. Inua mwiko uangalie inavyotiririka dhidi ya mwanga, ukiona vijipunje vinang'aa kama mchanga bado, endelea. Ikishakuwa safi kabisa ndo umimine gliserini iliyopashwa joto, ukimimina ya baridi inashika pembeni kabla hujakoroga. Pima tena uzito, maji yaliyopotea na mvuke yarudishe. Dondosha tone kwenye sahani, likishika ndani ya dakika moja na ukiligeuza halianguki, iko tayari.

Sasa zile kadi. Kadi ya laini au ya benki ina unene wa karibu milimita 0.76. Weka kioo mezani, bandika kadi mbilimbili zimepandana kila upande, mimina jeli katikati, funika na kioo cha pili taratibu ukianzia ukingo mmoja kama unavyofunika kitabu ili hewa itoke. Unapata jeli ya milimita 1 na nusu sawasawa. Usiipeleke kwenye friji kuiharakisha, iache ishike yenyewe. Ikipoa telezesha kioo usikivute juu, kata vipande vya sentimita 5.5 kwa 5.5, vizidi kidogo bati ili kingo zisigusane.

Mwenye kupata unga wa polivinili alkoholi (PVA) aagize kutoka mjini apike jeli ya kugandisha na kuyeyusha, ni imara kama raba. Lakini usidanganyike na gundi nyeupe ya mbao, nayo huitwa PVA lakini si kitu kimoja.

Hatua ya 3: kuloweka

Tengeneza mililita 100 za maji ya chumvi. Jeli ya juani inataka moli 2 kwa lita, yani gramu 57.5 za ile salfeti ya asilimia 21-22, au gramu 36 za ile kavu. Jeli ya ami moli 1.5, gramu 43 au 27. Ya friza moli 1, gramu 29 au 18, kwasababu kwenye baridi chumvi nyingi inarudi kuwa fuwele. Zote ongeza salfeti ya manganizi gramu 1.7.

Weka chumvi kwenye kikombe cha kupimia alafu jaza mpaka 100 kwa mchanganyiko wa maji na gliserini wenye uwiano uleule wa jeli yako. Hili watu wanalisahau. Ukiloweka jeli ya gliserini asilimia 30 kwenye maji matupu ya chumvi, gliserini yote inatoka nje inaachia maji, unabaki na jeli itakayoganda kama barafu na wewe unashangaa umekosea wapi. Chuja maji yako kwa kitambaa kizito, tumbukiza vipande, funika, saa 24, ukiweza badilisha maji mara moja katikati. Jeli itasinyaa kidogo na kuwa ngumu zaidi, hiyo ni dalili nzuri.

Hatua ya 4: kufunga

Panga hivi: kipande cha plastiki ngumu, bati la zinki, jeli iliyopanguswa juujuu na kitambaa, grafaiti ule weusi ukiangalia jeli, plastiki ya pili. Zungushia ukanda wa raba wa tyubu ya baiskeli, bana na klipu nne. Ubanaji ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Jeli yenyewe upinzani wake ni mdogo sana, chini ya ohm moja kwa eneo hili, ukiona betri yako dhaifu mara nyingi tatizo ni mguso, jeli haijakaa vizuri kwenye bati.

Kingo zipake silikoni, ile isiyonuka siki, ya siki inakula zinki. Acha kitundu cha sindano upande wa juu ukibandike kipande cha plasta ya kitambaa, gesi ikitokea ipate njia. Na uchaji mahali penye hewa, si kwenye droo.

Ukingo ndio unaoamua umri wa betri huku kwetu. Jeli niliyoiacha wazi juu ya paa mwezi wa pili niliikuta jioni imekuwa kama ukoko wa wali, inavunjika mkononi. Pima uzito wa betri nzima siku ya kwanza uandike juu yake kwa kalamu, pima kila Ijumaa. Maji ndio yanayopotea hapo, na ikiwa katika wiki moja imepoteza hata sehemu ya kumi ya uzito wa jeli yake basi ufungaji wako una mwanya, fungua urudie usingoje ife.

Hatua ya 5: kuamsha na kuchaji

Iache saa moja alafu pima. Ikisoma volti 1.4 mpaka 1.5 umefanya kazi. Chini ya volti moja kuna kingo zinagusana mahali.

Kuchaji tumia chaja ya simu ya volti 5 na rezista (kile kidude cha kubana umeme) ya ohm 180 mfululizo na betri moja. Inatoa miliampea 20 hivi, sawa na chini kidogo ya miliampea 1 kwa kila sentimita ya mraba, na mpaka hapo miiba haina haraka ya kuota. Ikifika volti 1.8 chomoa, ukizidisha unaanza kupasua maji. Ukitumia usiishushe chini ya volti 1. Usije ukaiweka kwenye chaja ya betri za lithiamu, ile inasukuma mpaka 4.2, utaitoboa.

Mara tano za kwanza nenda polepole, hata nusu ya hapo, zinki ijipange vizuri.

Kitaa cheupe kinataka volti 3 hivi, kwahiyo unganisha betri tatu mfululizo upate 4.2 na rezista ya ohm 100. Kitaa chekundu mbili zinatosha, na rezista ya ohm 68.

Hatua ya 6: mtihani wa jua na barafu

Usimpe mtu betri ambayo hujaitesa mwenyewe. Pima volti bila mzigo, alafu unganisha rezista ya ohm 100 upime tena baada ya dakika moja. Tuseme 1.42 imeshuka 1.36. Mkondo ni 1.36 gawanya kwa 100, miliampea 13.6, na upinzani wa ndani ni ile tofauti ya 0.06 gawanya kwa 0.0136, unapata ohm 4.4. Andika.

Mtihani wa baridi: ponda barafu, changanya na chumvi ya mawe, ile inayotoka mashamba ya chumvi ya Gongoni huko Malindi, vipimo vitatu vya barafu kwa kimoja cha chumvi. Koroga, angalia tembomita inavyoporomoka, ukifanya vizuri itakaribia nyuzi 20 chini ya sifuri, haiwezi kupita 21. Kwa jeli ya ami tumia barafu tupu kwanza, ndio maisha yake ya kweli. Funga betri kwenye mifuko miwili ya plastiki, izike saa nzima, pima ikiwa humohumo ndani usiitoe. Tuseme sasa 1.40 inashuka 1.20, upinzani umepanda karibu ohm 17. Hiyo ni sawa, inakubalika, taa inawaka. Ikishuka mpaka chini ya 0.9 jeli imeganda au gliserini ilikutoka kwenye kuloweka. Ukiitoa ikarudi kuwa 4 au 5 haijapasuka ndani, ikibaki juu imepasuka.

Joto lake: iweke kwenye gunia jeusi juani kutwa nzima na tembomita pembeni, jioni pima uzito na upinzani. Siku tatu mfululizo juani, usiku barafuni. Jeli ya asilimia 20 ya gliserini ilinishinda siku ya pili kwenye barafu yenye chumvi, ya 40 ilistahimili lakini taa ilikuwa hafifu, ya 30 kwenye barafu ya kawaida ndio aliyonayo ami mpaka sasa.

Kitu kimoja usifanye ni kuichaji ikiwa barafuni. Kuitumia sawa, kuichaji hapana, zinki inarudi kwa shida inajirundika sehemu moja inaota miiba. Ami anaitoa asubuhi akishateremsha samaki, anaiacha kivulini ipate joto la kawaida saa moja, ndo anachomeka.

Kuna watafiti mwaka 2020 walionyesha kloridi ya zinki ikiwa nzito sana, moli 7.5 kwa kilo ya maji, haigandi mpaka nyuzi 114 chini ya sifuri, maana chumvi nyingi vile inavunja mishikano ya maji yasiweze kujipanga kuwa barafu. Ni jambo la ajabu kweli, lakini ile ina uchachu na inakula vyuma, kwa mazingira yetu ya nyumbani siishauri na hatuna baridi ya kuihitaji.

Maji yaliyobaki

Salfeti ya zinki ni sumu kwa viumbe vya baharini, na mitaro ya mji wetu yote inateremka baharini, palepale watoto wanapoogelea. Kusanya maji yote ya kulowekea na ya kuoshea kwenye ndoo moja, tia magadi kidogokidogo huku unakoroga. Yatatoa povu kidogo na utaona ukungu mweupe unatokea, hiyo ni zinki inageuka kuwa kitu kisichoyeyuka, na ile ya manganizi itashuka pamoja nayo iwe rangi ya kahawia baada ya muda. Endelea mpaka ukitia magadi hakuna ukungu mpya. Acha ilale usiku, asubuhi maji ya juu yatakuwa safi, chuja tope kwa kitambaa, likauke, lifunge kwenye mfuko na uliweke na betri zako zilizokufa, zisichanganyike na taka za jikoni.